Vikombe vikigongana kabatini, nani yuko zamu?

Agosti 12, 2020. Wengi wenu mnaukumbuka usiku huo hata kama tarehe mmeisahau. Corona ilikuwa imetubana na kafyu ilianza saa tatu, kwa hivyo sisi vijana wa Kibokoni tulikuwa barazani tukiiba dakika za mwisho. Isha imeshaswaliwa, muuza kahawa ashapita na dele lake mara ya pili. Ilipofika saa mbili na dakika kama kumi na tatu, baraza likatikisika chini yetu.

"Ni lori hilo," mwenzangu mmoja akasema.

Lori litapita wapi katika kichochoro ambacho hata tuktuk hupita kwa kujibana? Kabla hatujamaliza kumcheka, nikasikia vikombe vya bibi vikigongana kabatini kule ghorofani, kisha sauti yake dirishani: "Tokani nde! Nyumba yatetema!"

Basi watu wakatoka. Kina mama na leso zao, watoto peku, mzee mmoja na redio mkononi kama kwamba redio ndiyo mali iliyobaki duniani. Tukajazana kichochoroni, chini ya roshani za mbao ambazo umri wake hakuna anayeujua. Leo nikikumbuka nasema Alhamdulillahi, kwa sababu kama tetemeko lingekuwa kubwa zaidi, pale tulipokimbilia ndipo pabaya kuliko tulipotoka.

Kilichoniudhi mimi ni saa nzima iliyofuata. Hakuna aliyejua kilichotokea. WhatsApp ndiyo iliyojua, na iliyajua ya uongo. Sauti ya kwanza: bahari inapanda saa nne usiku, hameni. Ya pili: ni bomu bandarini. Ya tatu: mlima umepasuka, lakini mlima gani hakusema. Mimi niliupata ukweli kwenye ukurasa wa USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Tetemeko la ukubwa wa takriban 6, katikati yake baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Yaani jambo limetokea kwa jirani, limetikisa vikombe vya bibi yangu, na mimi nikaenda kulisoma kwa Mmarekani.

Tetemeko lile halikuwa la volkeno, nisije nikawa kama yule wa sauti ya tatu. Lilitokana na miamba iliyo chini ya bahari kuvutana hadi ikateleza. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikifuatilia jambo hili, na kadiri ninavyosoma ndivyo swali langu linavyozidi kuwa lile lile: ardhi ikianza kusema, upande wetu huu nani yuko zamu kusikiliza? Na hapo ndipo volkeno zinapoingia, maana hakuna kitu kinachotaka mtu wa zamu kuliko mlima wa moto.

Najua utaniambia, "Volkeno na Mombasa wapi na wapi? Sisi tuna mafuriko na joto, mambo ya milima waachie watu wa bara."

Haya. Fungua mfereji wa nyumbani kwenu, siku ambayo maji yapo. Sehemu kubwa ya maji hayo, tangu miaka ya 1950, inatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Na maji ya Mzima ni mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya kwenye mawe ya volkeno yenye matundu kama sifongo, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikachomoza upya ikiwa safi. Chyulu ni volkeno changa. Karibu na hapo kuna uwanda wa mawe meusi, urefu wake kama kilomita 8, unaoitwa Shetani. Huo ni uji wa moto uliotoka ardhini katikati ya karne ya 19. Kwa hesabu za milima, hiyo ni jana. Hapa Mji wa Kale kuna nyumba zilizokuwa zimesimama wakati mawe yale yakimiminika. Kwa hivyo kila ukitia maji kwenye birika la chai, umeshika mkono wa volkeno.

Sijasema Chyulu italipuka kesho. Nasema inatuhusu.

Halafu tazama upande wa bahari. Hapa mtaani tuna majirani Wangazija, tumeoana nao, tumesoma nao madrasa. Kwao Ngazidja kuna Karthala, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 2,300 ambao umelipuka mara nyingi. Mwaka wa 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Majivu yaliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, na Ngazidja haina mito ya kutegemea, matangi ndiyo kila kitu. Maelfu ya watu wakahama vijiji vyao. Komoro si nchi tajiri, lakini ina kituo cha kuuchunga mlima huo, chini ya taasisi yao ya utafiti, CNDRS, pale Moroni. Mlima ukikohoa kuna mtu wa kupigiwa simu.

Sasa kazi yenyewe ya kuchunga volkeno ikoje? Usifikirie mtu aliyevaa suti ya fedha akichungulia moto kama kwenye sinema. Kazi ni ya subira na mara nyingi inachosha. Uji wa moto unapopanda kutoka chini, unapasua miamba njiani, na kila ufa ni tetemeko dogo ambalo wewe na mimi hatulisikii ila mashine ya kupimia matetemeko inalisikia. Ukikusanyika chini ya mlima, mlima unavimba kwa sentimita chache, na vipimo vya GPS au satelaiti vinaona. Gesi zinabadilika. Chemchemi zinapata moto. Mchungaji wa volkeno anakusanya hayo yote kila siku, mwaka baada ya mwaka, ili siku mlima ukibadilisha tabia ajue kwamba umebadilika. Ni kama mama anavyoijua pumzi ya mtoto wake aliyelala. Mgeni hawezi kuja usiku mmoja akajua kama pumzi ile ni ya kawaida.

Nikupe kisa cha karibu, maana hiki nikikisimulia barazani watu huacha kunywa kahawa. Mayotte, au Maore kama wenyewe wanavyopaita, ni kisiwa cha nne cha Komoro, kiko chini ya Ufaransa. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kidogo. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka. Siku ya 15 mwezi huo likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kisha yakaendelea, mengi, wiki baada ya wiki, watu wengine wakalala nje. Vyombo vya kusikilizia kisiwani vilikuwa vichache sana, kwa hivyo hata wanasayansi walikuwa wakipapasa gizani. Wakazi wakafungua kundi Facebook, maelfu kwa maelfu, kila mmoja anaandika: nimelihisi saa fulani, mtaa fulani.

Novemba 11, 2018, ardhi ikatoa mvumo wa ajabu. Haukuhisiwa na binadamu yeyote, lakini uliizunguka dunia kwa zaidi ya dakika 20. Mashine zikaunasa Zambia, Ethiopia, na hapa hapa kwetu Kenya, hadi Hawaii. Na unajua nani aliyeushtukia? Mtu mmoja tu mpenda matetemeko aliyekuwa akitazama michoro ya mashine hizo mtandaoni, akaona mistari isiyo ya kawaida, akaitupia Twitter. Wanasayansi wa mabara mbalimbali wakaanza kujibizana pale pale.

Mei 2019 meli ya utafiti ilipopita na kupima sakafu ya bahari, kama kilomita 50 mashariki mwa kisiwa, ikakuta mlima mpya. Mahali palipokuwa tambarare chini ya maji ya mita 3,500, pamesimama volkeno yenye kimo cha zaidi ya mita 800. Leo inaitwa Fani Maoré. Mayotte yenyewe ilikuwa imesogea mashariki na kudidimia kwa zaidi ya sentimita 10, kwa sababu ghala la moto lililokuwa chini lilikuwa likimwagika. Kwa mtu anayeishi ufukweni, sentimita hizo ni maji kuingia uani wakati wa bamvua. Watu wa Mji wa Kale hatuhitaji kufundishwa hilo.

Baada ya hapo Ufaransa ikaanzisha mtandao wa kudumu wa kuichunga, REVOSIMA, wenye mashine nchi kavu na sakafuni mwa bahari, na taarifa zake hutolewa kwa umma mara kwa mara. Ni vizuri. Lakini ona mpangilio: kwanza watu walitetemeka mwaka mzima, ndipo zamu ikapangwa.

Turudi nyumbani. Kenya ina volkeno kando ya Bonde la Ufa lote: Suswa, Longonot, Menengai, Paka na nyinginezo hadi Barrier pale kusini mwa Ziwa Turkana, ambayo mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ni wa 1921. Tulifundishwa shuleni kwamba zimelala. Mwaka wa 2009 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya satelaiti za Ulaya. Walikuta kwamba kati ya 1997 na 2008 minne kati ya milima hiyo ilikuwa imevimba au kunywea. Longonot, ule ambao watu huupanda wakipiga selfi, uliinuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Paka, kule Baringo, uliinuka kama sentimita 21 katika miezi 9. Suswa na Menengai ilishuka kidogo. Na Menengai haiko porini, jiji la Nakuru limeegemea ubavuni mwake.

Hiyo haina maana kwamba milima ile ilikuwa karibu kulipuka. Milima huvimba na kunywea bila kutoa chochote. Lakini ilikuwa ikigeuka usingizini kwa miaka, na walioiona walikuwa wanaitazama kwa satelaiti ya watu wengine.

Tuseme haki: hatuko vipofu kabisa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mashine za matetemeko. KenGen kule Olkaria na GDC kule Menengai wanasikiliza ardhi kwa sababu wanachimba mvuke wa umeme. Idara ya Hali ya Anga ina jukumu la kutoa tahadhari za tsunami. KMFRI hapa Mombasa wanapima kupanda na kushuka kwa bahari. Vipande vipo. Ambacho hatuna ni kituo kimoja cha kitaifa ambacho kazi yake ni volkeno, usiku na mchana, na ambacho kina njia ya kuzungumza na wewe na mimi. Penye mvuke wa kuuza tunasikiliza. Pasipo na mvuke wa kuuza tunaomba dua.

Hapa ndipo wenzangu hunipinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema volkeno haitabiriki, kwa hivyo pesa hizo afadhali zijenge hospitali. Na mfano wao ni Goma.

Goma ni mji wa Waswahili wenzetu kwa lugha, mashariki mwa Kongo, chini ya Nyiragongo. Ina kituo chake cha kuchunga volkeno. Jumamosi, Mei 22, 2021, jioni, mlima ukapasuka ubavuni. Uji wa moto ukashuka hadi karibu na uwanja wa ndege, nyumba kwa maelfu zikateketea na makumi ya watu wakafa. Wakazi waliona anga jekundu kabla ya kusikia tangazo lolote. Na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mlima ule haukutoa dalili za kutosha. Vipimo vilibadilika chini ya saa moja tu kabla. Kweli, hata mlinzi bora angeshtukizwa.

Lakini hadithi ina sehemu mbili nyingine ambazo watu huzisahau. Kwanza, miezi kabla ya mlipuko, fedha za wafadhili zilizokuwa zikikiendesha kituo zilikuwa zimekwisha, na kwa muda waangalizi hawakuwa hata na intaneti ya kupokea data kutoka mashine za mlimani. Fikiria mlinzi umemweka langoni, kisha umemzimia taa. Pili, baada ya mlipuko, mashine zilionyesha kwamba uji ulikuwa unaendelea kupenya chini ya mji wenyewe kuelekea Ziwa Kivu. Mei 27 mamlaka zikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu laki kadhaa wakaondoka. Uji haukutoka tena, lakini uamuzi ule ulitokana na vipimo, haukutokana na sauti za WhatsApp.

Na mwaka wa 2002? Huko nako kuna funzo. Januari 17 mwaka huo Nyiragongo ilipita katikati ya Goma. Mara ile mlima ulitoa dalili, na mtaalamu Dieudonné Wafula, aliyekuwa akifanya kazi na mashine chache mno katikati ya vita, alikuwa ameonya. Aliyesikia alikuwapo. Wa kumsikiliza ndio hawakuwapo.

Kwa hivyo ndiyo, kuchunga volkeno si unajimu. Mara nyingine mlima hukunyima dalili. Lakini mara nyingine hukupa wiki nzima. Iceland, Novemba 2023, mji mzima wa Grindavík ulihamishwa usiku mmoja baada ya matetemeko kuzidi na ardhi kupasuka. Volkeno ikaja kulipuka Desemba 18, nyumba hazina watu. Ethiopia, kwenye bonde lile lile la ufa linaloshuka hadi kwetu, maelfu ya watu walihamishwa mwanzoni mwa 2025 ardhi ilipotetemeka mfululizo. Novemba mwaka huo huo Hayli Gubbi ikalipuka kule Afar, mlima ambao haukuwa na mlipuko wowote katika historia iliyoandikwa, na majivu yake yakavuka bahari hadi Yemen na Oman. Wale wa "imelala hiyo" mnasemaje?

Mimi nataka mambo matatu, na nayataka kama kijana wa Mombasa anayelipa kodi kila akinunua bando.

La kwanza, mshahara wa mtu wa zamu utoke kwenye bajeti ya kawaida, kama wa askari wa zimamoto. Usitegemee mradi wa miaka mitatu wenye uzinduzi na fulana. Mradi huisha, mlima hauishi. Goma imeshatufundisha hilo kwa gharama ya wengine.

La pili, habari ije upesi, na ije kwa Kiswahili. Disemba 26, 2004, mawimbi ya tsunami kutoka Indonesia yalichukua saa kadhaa kufika huku. Habari zilifika Mombasa mapema, watu wakaondolewa ufukweni, na Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako hakuna aliyewaambia watu wa Hafun chochote, walikufa karibu 300 nchini kote. Bahari ni moja na mawimbi ni yale yale. Tofauti kubwa ilikuwa ujumbe. Kama kampuni za simu zinaweza kunitumia ofa ya bando saa sita usiku, haziwezi kushindwa kutuma mistari miwili: limetokea tetemeko mahali fulani, hakuna tishio la tsunami, kaeni mbali na kuta mbovu.

La tatu ni letu wenyewe. Tetemeko jingine likija, usianze kurekodi sauti ya kutisha majirani. Ingia ukurasa wa USGS unaouliza kama umelihisi, jaza ulipo na ulichoona. Zile ripoti zinatumika kweli. Wanafunzi wa TUM pale Tudor na wa Chuo Kikuu cha Pwani, kuna mashine ndogo za matetemeko kama Raspberry Shake ambazo shule na watu binafsi duniani wanaziweka majumbani na kuziunganisha mtandaoni. Klabu ya chuo haishindwi. Na sisi wa Mji wa Kale tuulizane mtaa kwa mtaa: nyumba ikitetema tunatoka kwa njia ipi, roshani gani imeoza, wazee wasioweza kushuka ngazi ni nani na nani atawabeba? Uwanja wa Makadara uko pale, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema huo ndio tukutanie.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ajabu. Linahitaji mtu akubali kukaa macho wakati hakuna kinachotokea, na sisi tukubali kumlipa kwa usiku ambao hakuna kilichotokea. Wavuvi wetu wanalijua hili. Nahodha hulipa mtu wa zamu hata kama bahari ni shwari hadi alfajiri, wala hamdai arudishe pesa.

Bibi yangu hakungoja serikali. Asubuhi ya Agosti 13 nilimkuta ameshusha vikombe vyote kutoka rafu ya juu, amevipanga chini kabisa karibu na sakafu, vimefungwa kwa kitambaa. Mpaka leo viko huko huko. Ukitaka kunywa chai kwake, unainama.